Aliyeshikilia Pedali

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika gereji ile lilikuwa Bonge kunasa kwenye kiti.

Kilikuwa kiti cha gari la mbio, chembamba, kilichotengenezwa kukumbatia kiuno na mabega ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa Bonge. Alilazimika kujaribu kwa sababu timu ilikuwa na madereva watatu na gari moja, na katika mbio walizokuwa wakijiandaa nazo kila mmoja angekaa hapo kwa zamu yake. Aliingia kwa kuvuta tumbo ndani. Alipopumua, kiti kikambana.

"Msinicheke," alisema. "Nivuteni."

"Tukushike wapi? Huna pembe," alisema Fundi.

"Shikeni popote. Nyama ni yangu na maumivu ni yangu."

Wakamvuta, huyu mkono huu na yule mkono ule, mpaka akachomoka kama kizibo na kukaa sakafuni na suruali yake imepasuka nyuma. Wakacheka wote. Mwenye gereji, dereva wa tatu, naye alicheka, kisha akajisikia akicheka, akanyamaza.

Walimwita Mpimaji kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na kwa sababu hakuweza kukata hata mkate bila kuinama kuangalia kama vipande vinalingana. Gereji ilikuwa yake, ubavuni mwa nyumba. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe: la milango miwili, la chini, lenye pua ndefu, la zamani kuliko Fundi. Alilinunua likiwa bodi tupu na kutu, akalifufua kwa miaka, akitamani limalize walau mara moja zile mbio za wapenzi wa magari ambazo mshindi si mwenye kasi bali mwenye kudumu, zinazoanza jua likichomoza na kwisha likizama, madereva wakipokezana. Kile kiti kilikatwa kwa kipimo chake. Siku moja kabla ya msimu wa mbio alilitoa kulijaribu kwenye barabara ya mlimani, na kwenye mteremko breki hazikushika. Askari waliandika kwamba alikuwa na mwendo mkali. Mpimaji hakubishana nao, ingawa alimjua mkewe kuwa mtu wa kusimama kumpisha kuku.

Mwaka ukapita. Ni Fundi aliyekuja na wazo la kulitengeneza upya. Fundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe. Watu wote walimwita Fundi. Dada yake peke yake, aliyembeba mgongoni tangu uchanga, ndiye aliyemwita Kitinda, na tangu azikwe jina hilo halikutamkwa tena na mtu yeyote.

"Dada alitaka limalize mbio moja," Fundi alisema siku ile. "Tulimalizie, shemeji. Nitafanya kazi yote mimi."

Basi baada ya Bonge kutoka kwenye kiti, Fundi aliingia yeye, na Mpimaji akalala chini ya gari ili watoe upepo kwenye breki.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wasioonana. Mmoja hukaa juu, mguu kwenye pedali. Mwingine hulala chini na spana, penye nati ndogo nyuma ya gurudumu. Wa chini husema, "Kanyaga." Wa juu hukanyaga na kukanyaga mpaka pedali iwe ngumu, hujibu, "Imekaza." Wa chini husema, "Shikilia," hulegeza nati, mafuta ya breki na upepo hutoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa, naye hufunga. Ndipo husema, "Achia." Wa juu haachii kabla ya neno hilo, hata mguu ufe ganzi, kwa sababu akiachia nati ikiwa wazi upepo utarudi ndani. Mpimaji alijifunza hayo kwa mkewe. Kwa miaka yote ile mke alikuwa juu, yeye chini, na kuna jioni ambazo hayo maneno manne ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote, na yaliwatosha.

"Kanyaga," alisema.

Pedali ililia mlio wake wa chuma kikavu.

"Imekaza."

Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza huku ameangalia kando. Mpimaji hakuitilia maanani.

"Shikilia."

Alilegeza nati. Povu jembamba lilipita kwenye mpira likaingia kwenye chupa. Wakati huo huo akasikia Bonge anacheka getini, na Fundi akimjibu. Aligeuza shingo. Kutoka chini ya gari, kupitia mlango ulio wazi wa gereji, aliona viatu vyao karibu na gari la mizigo la Bonge: ndala pana za Bonge, na buti za Fundi zenye madoa ya rangi. Fundi alikuwa na simu sikioni. Alikuwa ametoka kuongea.

Mpimaji alitazama buti zile kwa muda.

"Nani yuko kwenye kiti?" aliuliza.

"Nimeshikilia," ilisema sauti juu yake.

Alifunga nati kwanza, kwa sababu mkono ulijua kazi yake. Kisha akajiburuta nje kwa mgongo, akasimama. Kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilikuwa chini, imeganda karibu na sakafu ya gari, kama vile mguu umeikalia. Na ndani ya gari, juu ya harufu ya petroli na rangi mpya, kulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe.

Hakusema "Achia." Halikumjia kabisa akilini.

Hakumweleza mtu. Msomi akiona jambo kama hilo hutafuta kwanza sababu ndogo, na akiikosa hutafuta iliyo ndogo zaidi. Alimwambia Fundi kwamba pedali imekwama. Fundi akafungua pampu kuu ya breki, akaisafisha, akabadilisha springi. Pedali ilipanda, ikatulia, kisha mbele ya macho yao wote watatu ikashuka polepole mpaka chini.

"Hata gari limetuchoka," alisema Bonge. "Linalala tukiwa bado tunaongea."

Fundi hakucheka. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya gari, naye akakitoa taratibu.

"Shemeji, umepaka nini humu?"

"Sijapaka kitu."

"Kuna harufu kama ya..." Akaacha hapo, akaenda kunawa mikono, akakaa huko bombani kuliko mikono inavyohitaji.

Jioni ile Mpimaji alikuwa akiosha sahani yake moja kwenye sinki la jikoni alipoona wekundu chini ya mlango wa gereji. Alikwenda, akafungua. Walikuwa wamelifunika gari kwa turubai, na taa za breki zilikuwa zikiwaka nyuma yake, nyekundu, tulivu, kama zinavyowaka kila mtu akanyagapo pedali. Betri ilikuwa juu ya meza ya kazi. Waya zake zilikuwa zimening'inia.

Alisimama hapo mpaka hofu ikageuka kuwa kitu kingine, kitu kilichofanana na tamaa. Akachukua ubao wa magurudumu, akalala, akajisukuma chini ya gari lililokuwa juu ya stendi nne za chuma.

"Ni wewe?" alinong'ona.

"Uliniambia nishikilie." Ilikuwa sauti ya mkewe, pamoja na ule ukwaruzo wake mdogo wa jioni. "Nimeshikilia."

Alifunga macho. Alitaka kuuliza mambo mengi, kama aliumia, kama aliita, kama aliyaona maua ambayo yeye hupeleka kaburini bila kujua ya nini, lakini kilichotoka kilikuwa swali la mpima ardhi.

"Nini kilitokea?"

"Rafu ya juu. Kopo lililokaa wazi."

Alifungua macho.

"Fundi alijua," ilisema sauti. "Mlete Fundi alale hapo ulipo. Mimi nimeshikilia. Wewe sema neno lako tu, nitaachia."

Stendi zilitoa mlio mdogo, tik, kama kidole kinachogonga kioo, na Mpimaji akaelewa kwamba kilichokuwa kimeshikiliwa juu yake wakati huo si pedali peke yake.

Alipotoka alipanda ngazi hadi rafu ya juu. Kopo la mafuta ya breki lilikuwa pale nyuma ya makopo ya rangi, limejaa nusu, kifuniko kimekaa upande, pete ya kutu mdomoni. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Mafuta yale hunywa unyevu wa hewa. Kopo likikaa wazi huwa limekwisha kunywa maji, na maji hayo huchemka breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, na yakichemka pedali huenda sakafuni kama hakuna kitu chini yake. Mkewe hakuweka kopo lililofunguliwa hata wiki. "Likishafunguliwa limekufa," alikuwa akisema, na kulitupa. Breki za siku ile hakuzijaza yeye. Alizijaza mdogo wake.

Mpimaji alilirudisha kopo mahali pake, akaligeuza lebo itazame ukutani kama ilivyokuwa. Usiku ule alilala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake Bonge alimleta mwanamke wa kupanua kiti. Alikuwa mshonaji wa viti vya magari, mrefu, mwenye pini za kushonea mdomoni na ulimi mkali nyuma ya pini hizo.

"Nionyesheni kiti," alisema. "Na anionyeshe mwenyewe aliyekipasua."

"Suruali ndiyo iliyopasuka," alisema Bonge. "Kiti kizima."

"Basi nitakuwa nimeitiwa mgonjwa asiye mgonjwa."

Aliinama, akaweka kiganja kwenye kiti ili apime. Akakiondoa. Akatema pini moja moja kwenye mkono wake mwingine, akamtazama Mpimaji.

"Kaka, mimi hushona viti. Sishoni mtu kwenye kiti."

Bonge alicheka peke yake, kisha akaona hakuna anayecheka, akaenda kusimama karibu na gari lake.

"Pana joto la aliyekaa," mwanamke alisema kwa sauti ya chini. "Nyumbani kwetu bibi alikuwa akitoa vitu hivi. Mimi nilichagua cherehani, lakini mkono haukuchagua. Nani alikufa humu?"

"Mke wangu."

"Pole. Na sauti ni yake?"

Mpimaji alikitazama kiti.

"Ni yake," mwanamke alijijibu. "Nisikilize basi. Waliokufa hawarudi. Hicho hakikuzaliwa na mwanamke. Kilikuwa kimekaa kando ya barabara siku ile, kikasikia sauti ya mwisho, kikaichukua kama mtu anavyookota leso iliyoanguka. Na kitakuambia kweli tupu, kwa sababu mtu kama wewe hanaswi kwa uongo. Ulimpa kazi?"

"Nilimwambia ashikilie."

"Ukimpa jini kazi hatoki mpaka umtoe kazini. Mtoe leo, pasiwe na mtu chini. Kwa neno lile lile mnalotumia. Akiwepo mtu chini, huyo ndiye atakuwa ujira wake." Alianza kurudisha pini kwenye mkebe. "Na ukishamtoa usimwite tena, hata kwa mzaha. Anayeitwa mara ya pili haji kama mgeni."

"Nimekuelewa, dada."

"Kuelewa si kazi," alisema, na akaenda kupanda gari la Bonge.

Alikuwa amemwelewa neno kwa neno. Aliwasindikiza mpaka getini, akalifunga geti, akarudi gereji ambako Fundi alikuwa akikaza nati za gurudumu la mbele huku mvua ikianza kupiga bati. Angeweza kumtuma dukani, akabaki peke yake, akasema neno moja kwenye gereji tupu. Badala yake alifunga mlango kwa ajili ya mvua, akasema:

"Shemeji, hebu pita chini uangalie nati ya kushoto nyuma. Naona inavuja."

Haikuwa inavuja. Fundi alichukua spana, akalala, akajisukuma ndani, na buti zake zenye madoa zikabaki nje. Mpimaji alisimama karibu nazo, mikono mfukoni. Hakutaka afe tu. Alitaka kwanza ajue kwa nini.

"Kavu hii," alisema Fundi. "Ngoja tujaribu. Ingia ukanyage."

Mpimaji hakusogea. Pedali ililia.

"Imekaza," ilisema sauti, na harufu ya mafuta ya nywele ikajaa gereji nzima.

Spana ilianguka sakafuni.

"Siku ile ulijaza breki kwa kopo gani?" aliuliza Mpimaji.

Mvua ilipiga.

"La rafu ya juu," alisema Fundi.

"Ulijua."

"Nilijua. Niliona uvivu kwenda dukani, shemeji. Nikasema ni mteremko mmoja. Alinikuta nafunga boneti, akaniuliza, ni jipya? Nikasema ndiyo, dada." Pumzi yake ilikatika. "Tangu siku hiyo nasikia ile ndiyo."

"Sema," ilisema sauti kwenye kiti, laini, karibu na sikio la Mpimaji ingawa kiti kilikuwa mbali, na stendi za chuma zikaanza kulia moja baada ya nyingine, tik, tik, na gari likatikisika kidogo sana kama ng'ombe anayefukuza nzi, na yeye akafungua mdomo na kulihisi neno limekaa juu ya ulimi wake, jepesi, la kawaida, neno alilolisema jioni ngapi bila kulifikiria, na aliona jinsi litakavyomaliza kila kitu, askari na karatasi yao ya mwendo mkali, sahani moja kwenye sinki, buti hizi zenye madoa ya rangi ya gari la mtu aliyedanganywa na mtoto aliyemlea mwenyewe.

"Dada?" alisema Fundi huko chini, kama mtoto.

"Tulia hapo, Fundi," ilisema sauti.

Fundi alianza kulia, lakini kwa utulivu, na katika kilio hicho akasema:

"Shemeji. Huyo si yeye. Dada hajaniita Fundi hata siku moja. Aliniita Kitinda."

Mpimaji alisikia sentensi hiyo kama mtu anayeonyeshwa kosa kwenye ramani aliyoichora mwenyewe. Ilikuwa kweli, naye aliijua, na ghadhabu ilikuwa imemziba masikio. Kitu kile kilikuwa kimevaa koo la mkewe ili yeye Mpimaji aue kwa mdomo wake, na chuki yote aliyokuwa ameielekeza chini ya gari iligeuka ikapanda juu. Aliinama, akashika vifundo vya miguu ya Fundi, akamvuta kwa nguvu moja kama walivyomvuta Bonge, mgongo ukichunika sakafuni, mpaka kichwa kikatoka.

"Achia," alisema.

Stendi zililala ubavu zote pamoja. Gari lilishuka na kupiga sakafu kwa kishindo kilichomwaga makopo ya rafu. Ndani, pedali ikapanda na kukaa mahali pake. Harufu ndiyo iliyochelewa kuondoka, kama mgeni anayetafuta viatu.

Walikaa sakafuni bila kutazamana.

"Ungelisema?" aliuliza Fundi baadaye. "Nikiwa chini?"

"Ningelisema."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa haki yake. Alisimama kwa kushika ukuta. Mlangoni akageuka.

"Nije kesho?"

Mpimaji aliliangalia gari lililolala sakafuni, pua imepinda.

"Njoo," alisema. "Litahitaji mikono."

Usiku nyumba ilikuwa kimya kama nyumba yoyote. Hapakuwa na wekundu chini ya mlango. Alitoka mara kadhaa kuangalia, na kila mara aliporudi kitandani alijua kwamba hakuwa akitoka ili ahakikishe kimeondoka.

Asubuhi aliliinua gari kwa jeki, upande mmoja kisha wa pili, akapanga stendi, akazipima kwa kamba ili zilingane. Akalala kwenye ubao wa magurudumu, akajisukuma chini.

"Kanyaga," alisema.

Hakuna kitu. Ndege walikuwa wakipiga kelele juu ya bati. Akasema tena, kwa ile sauti ya chini aliyokuwa akiitumia na mtu mmoja tu.

Pedali ikalia.

"Imekaza."

Alivuta harufu ile mpaka kifua kikauma.

"Shikilia," alisema.

Pikipiki ilisimama nje ya geti. Mtu alishuka, akagonga kidogo, kwa adabu.

"Huyo ni Kitinda?" iliuliza sauti.

Mpimaji alilala bila kutikisika, akiisikiliza kama anavyosoma kipimo, akitafuta mahali palipopungua au palipozidi. Hakupaona. Akajiburuta nje, akasimama, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaenda kufungua geti.

"Karibu, shemeji," alisema. "Imebaki gurudumu moja."